Kamera Ndogo na Uso wa Mtu: Somo la Istilahi za Upigaji Picha kutoka Thika na Ruiru

Utangulizi

Katika Kiswahili, picha hupigwa. Simu hupigwa, pasi hupigwa, kura hupigwa, magoti hupigwa, na picha nayo hupigwa. Kitenzi hiki kimejitwika kazi nyingi kiasi kwamba maana yake ya awali, yaani mkono kukutana na kitu kwa nguvu, imefifia. Wakazi wa Thika na Ruiru, ambao wengi wao lugha yao ya kwanza ni Gĩkũyũ, hawaoni ajabu yoyote katika matumizi haya, kwani Gĩkũyũ nacho husema kũhũra mbica, kwa muundo uo huo. Neno mbica ni picha iliyovaa sauti za Gĩkũyũ, na picha yenyewe ni mkopo kutoka Kiingereza.

Matatizo huanza baada ya picha kupigwa. Mwanafunzi wa Kiswahili hurejea kutoka nyanjani na picha ya mzee aliyemsimulia ngano, akakuta mandhari ya nyuma yanaonekana barabara ilhali uso wa msimulizi umekuwa mweusi usiotambulika. Akiulizwa sababu, hujibu kwa Kiingereza au husema tu kwamba kamera ni mbovu. Kamera si mbovu. Imefanya hasa kile ilichoundwa kufanya, na hakuna aliyeiambia vinginevyo.

Makala haya yananuia kueleza, kwa Kiswahili, jinsi kamera ndogo ya dijitali inavyofanya kazi na namna ya kuiamuru. Hoja kuu ni kwamba kumiliki kamera na kuitumia ni mambo mawili tofauti, na kwamba mpito kutoka la kwanza hadi la pili huhitaji maneno. Asiyeweza kutaja jambo analotaka kamera ifanye huiachia kamera iamue, na uamuzi wa kamera si wa haki kwa kila uso.

Kamera Inayozungumziwa

Kamera inayolengwa hapa ni ile iliyokusudiwa wapenzi wa upigaji picha. Hutoshea katika mfuko wa koti na lenzi yake haibanduki, lakini humruhusu mtumiaji kupanga mwenyewe kiasi cha mwanga kinachoingia. Mfano mzuri ni kamera za Canon PowerShot za mfululizo wa G, ulioanza mwaka 2000. Toleo la G12 lilitolewa mwaka 2010. Juu yake mna magurudumu yenye nambari: moja la kuchagua namna ya kupiga, jingine la ISO, na upande wa kushoto, gurudumu la kufidia mwanga ambalo litarejelewa baadaye.

Wanunuzi wengi huuliza kwanza idadi ya megapikseli. Historia ya mfululizo huu inaonyesha udhaifu wa swali hilo. G10 ya mwaka 2008 ilikuwa na megapikseli 14.7. Iliyoifuata, G11 ya mwaka 2009, ilipunguziwa hadi 10. Kihisi, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga mahali pa filamu, kilibaki na ukubwa ule ule wa takriban milimita 7.6 kwa 5.7. Pikseli zilipopungua, kila moja ilipata nafasi kubwa zaidi ya kukusanya mwanga, na picha za gizani zikanufaika. Ikumbukwe kwamba kihisi hicho kina eneo dogo mara 20 hivi kuliko fremu ya filamu ya milimita 36 kwa 24. Udogo huo ndio gharama ya kamera kutoshea mfukoni.

Biashara ya kamera ndogo ilididimia simu zilipoingia. Kwa sababu hiyo, anayetaka G12 au dada zake leo, awe anaitafuta Thika, Ruiru au Nairobi, atapata iliyokwisha kutumika. Kabla ya kulipa, aiwashe na kuizima mara kadhaa asikilize kama lenzi inatoka na kurudi bila mkwaruzo. Aimulike lenzi kwa tochi atazame kama ina ukungu. Apige picha ya ukuta mweupe kuona kama kuna madoa. Na ahakikishe kwamba betri haizimiki baada ya picha chache.

Istilahi Tatu za Msingi

Mwanga unaounda picha hutawaliwa na mambo matatu. Mfano wa mtungi unaotekwa maji mferejini utasaidia.

La kwanza ni tundu la lenzi, ambalo ni upana wa mfereji. Tundu likipanuliwa, mwanga mwingi huingia kwa mkupuo. Nambari zake huwatatiza wanafunzi kwa kuwa 2.8 ni tundu kubwa na 8 ni tundu dogo. Utata huisha ikielezwa kwamba nambari hizo ni za kugawanya. Lenzi ya G12 ikiwa katika upana wake wote ina urefu wa milimita 6.1. Ukiugawanya kwa 2.8 unapata tundu lenye kipenyo cha milimita 2.2 hivi, ukiugawanya kwa 8 unapata kipenyo kisichofika milimita moja. Ni kama vile robo ilivyo ndogo kuliko nusu ingawa nne ni kubwa kuliko mbili.

La pili ni muda ambao mfereji umefunguliwa. Kifaa kinachofungua na kufunga njia ya mwanga kinaweza kuitwa pazia au kilango. Pazia lina sifa ya kufunika, lakini huleta taswira ya kitambaa kinachoning'inia. Kilango ni bora zaidi kwa sababu hufunguliwa na kufungwa, na mianzi ya dhana yake imo tayari katika neno mlango. Kiingereza huzungumzia kasi ya kifaa hiki, ilhali kinachoandikwa kwenye kioo cha kamera si kasi bali ni muda: sekunde 1/60, sekunde 1/500. Kiswahili hakilazimiki kurithi mkanganyiko huo. Kikisema muda wa kilango, mwanafunzi ataelewa mara moja kwamba muda mrefu huingiza mwanga mwingi na huacha kitu kinachotembea kikiwa na ukungu, na kwamba muda mfupi hukigandisha.

La tatu ni wepesi wa kuhisi mwanga, unaoonyeshwa kwa nambari za ISO. Katika G12 nambari hizo huanzia 80 hadi 3200. Hapa mfano wa mtungi una kikomo, kwa kuwa ISO haiongezi maji. Huyafanya maji machache yahesabiwe kana kwamba ni mengi. Gharama yake ni madoadoa yanayotapakaa katika sehemu zenye giza. Baadhi ya watu huyaita kelele kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Tafsiri hiyo haifai, kwani msikilizaji asiyejua asili yake hutarajia sauti. Chembechembe ni neno linaloeleza kile ambacho jicho huona.

Mambo haya matatu huungana kwa kipimo kimoja kiitwacho hatua. Hatua moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza kwa nusu. Kutoka sekunde 1/60 hadi 1/30 ni hatua moja. Kutoka ISO 100 hadi 200 ni hatua moja. Kutoka tundu la 4 hadi 2.8 ni hatua moja. Ukitoa hatua huku, unaweza kuirudisha kule. Mwenye kuelewa sentensi hiyo amekwisha kuvuka nusu ya somo.

Mazoezi Matatu: Maji, Ua na Barabara

Istilahi hukomaa zinapotumiwa. Thika na Ruiru zina viwanja vya mazoezi vinavyotosha.

Zoezi la kwanza ni maporomoko ya mto Chania, yanayotazamwa kutoka hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka 1908. Mwanafunzi achague muda wa sekunde 1/1000 kwanza, naye ataona matone yamesimama hewani kama shanga. Kisha aweke ISO 80, tundu la 8, na kukiwasha kichujio cha kijivu kilichomo ndani ya G12 ambacho hupunguza mwanga hadi moja ya nane. Asubuhi, bonde likiwa bado kivulini, muda wa kilango unaweza kufika robo sekunde, na maji yatatiririka kama hariri. Kamera iwekwe juu ya ukuta au kwenye stendi ya miguu mitatu, kwani hakuna mkono usiotikisika kwa muda huo.

Zoezi la pili ni kahawa ya Ruiru. Mji huu umejulikana kwa kituo chake cha utafiti wa kahawa, na aina ya mbuni iliyotolewa mwaka 1985 ilipewa jina lake, Ruiru 11. Baada ya mvua, mibuni huchanua maua meupe yanayonyauka baada ya siku chache tu. G12 inaweza kulenga kitu kilicho sentimita moja kutoka kwenye lenzi. Kwa umbali huo, eneo linaloonekana wazi huwa jembamba mno: petali moja huwa wazi na ya nyuma yake huwa na ukungu. Mwanafunzi abadilishe tundu kutoka 2.8 hadi 8 alinganishe. Zoezi hili lina thamani nyingine pia. Mashamba mengi ya kahawa ya eneo hili yamegeuzwa kuwa mitaa ya makazi, na picha ya mbuni iliyoandikiwa mahali na tarehe ni ushahidi kwa watakaouliza kesho palikuwa na nini hapo.

Zoezi la tatu ni Barabara ya Thika, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba mwaka 2012. Thika iko nyuzi moja tu kusini mwa ikweta, hivyo jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza huingia upesi. Mpigapicha ana takriban dakika 20 ambazo anga bado ina rangi ya samawati na taa za magari zimekwisha kuwashwa. Akiwa juu ya kivuko cha waendao kwa miguu, kamera ikiwa imetulia, aweke ISO 80, tundu la 8 na muda wa sekunde 8. Magari yatatoweka na kuacha mistari myekundu na myeupe.

Katika mazoezi yote matatu, kamera ikiachwa kwenye AUTO haitatoa matokeo hayo. Itatoa picha inayokubalika, isiyo ya mtu yeyote.

Mita na Uso wa Mtu

Sasa inafaa kurejea kwa msimulizi ambaye uso wake ulipotea.

Ndani ya kila kamera mna mita inayopima mwanga unaorudi kutoka kwa vitu. Mita haijui kama inatazama bibi harusi, mzee au gunia la makaa. Imewekewa dhana moja tu, kwamba kile inachokiona, kwa wastani, ni rangi ya kijivu cha katikati, inayorudisha asilimia 18 hivi ya mwanga. Kila kitu hujaribu kukivuta kielekee kijivu hicho. Ukipiga picha ya ukuta mweupe, utakuwa kijivu. Ukipiga ya ukuta mweusi, nao utakuwa kijivu.

Chukua mathalani bibi harusi wa Ruiru aliyevaa gauni jeupe saa sita mchana. Gauni hujaza sehemu kubwa ya picha. Mita huliona, hudhani mwanga umezidi, hupunguza. Gauni hugeuka kijivu na uso wa bibi harusi, uliokuwa tayari mweusi kuliko gauni, huzama. Aidha, jua la ikweta likiwa utosini hutia kivuli machoni. Picha ya siku iliyogharimu akiba ya familia mbili huonyesha kitambaa na kumficha mwenyewe.

Tiba yake ipo chini ya kidole gumba. Gurudumu la kufidia mwanga likisogezwa hadi +1, kamera huambiwa iongeze hatua moja kuliko inavyotaka. Gauni hurudia weupe wake na uso hutokeza. Mmweko, au flashi kama inavyoitwa mitaani, ukiwashwa mchana huo huo hujaza kile kivuli cha machoni.

Ipo njia ya pili, nayo ni kuiamuru mita ipime nukta moja tu na kuielekeza nukta hiyo usoni. Hapa makosa hubadilika upande. Ngozi nyeusi sana hurudisha mwanga mdogo kuliko kijivu cha katikati. Mita ikiipima peke yake, hudhani pana giza na huongeza mwanga hadi ngozi inapauka na kuonekana ya mtu mwingine. Basi kwa njia hii fidia huwa ya kupunguza, pengine theluthi mbili za hatua au hatua moja nzima. Kwa ufupi, mita inayotazama picha nzima yenye mandhari meupe huhitaji kuongezewa. Mita inayotazama uso mweusi pekee huhitaji kupunguziwa. Katika hali zote mbili, anayejua rangi ya mtu huyo ni mpigapicha, si mashine.

Jambo hili lina historia. Tangu miaka ya 1950, maabara nyingi za filamu zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi ya marejeleo yenye picha ya mwanamke mwenye ngozi nyeupe. Kadi hizo ziliitwa kadi za Shirley. Uso uliofanana naye ulisafishika vizuri. Usiofanana naye ulitegemea bahati au ustadi wa fundi. Mafundi wa studio za Afrika Mashariki walijifunza kusahihisha kwa uzoefu, kwa kupanga taa na kuchagua mandhari ya nyuma. Mwenye kamera ndogo ya dijitali amerithi kazi hiyo hiyo, ila yeye huona matokeo papo hapo na hana kisingizio.

Kumiliki kwa Uadilifu

Kutumia kamera nyanjani kuna adabu zake. Mwanafunzi akifika mlangoni kwa ajuza wa Gatundu au Ruiru, mazungumzo hutangulia picha:

"Nyanya, naomba nikupige picha ukiwa hapa mlangoni."

"Ya kupeleka wapi?"

"Ni ya utafiti wa chuo. Nitakuletea nakala."

"Basi ngoja nibadilishe kitambaa."

Swali la nyanya ni la haki, na tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data inayompa nguvu. Lakini hata bila sheria, kitambaa kinachobadilishwa kinatosha kuonyesha kwamba picha ni heshima inayotolewa na mpigwa. Mpigaji huirudisha kwa mambo mawili: kuhakikisha uso unaonekana kama ulivyo, na kuleta ile nakala aliyoahidi.

Utunzaji nao ni sehemu ya umiliki. Saa ya kamera irekebishwe kabla ya safari, kwa kuwa kila picha huhifadhi ndani yake tarehe, tundu, muda wa kilango na ISO iliyotumika. Maelezo hayo ni mwalimu wa bure: picha iliyoharibika hueleza yenyewe sababu ya kuharibika. Picha muhimu zihifadhiwe kama faili ghafi, ambamo maelezo ya sehemu zenye giza hubaki mengi zaidi na uso uliofifia unaweza kuokolewa kwenye kompyuta. Mwishowe, faili inayoitwa kwa nambari tu haimsaidii mtafiti. Iandikiwe mahali, siku, jina la msimulizi akiwa ameridhia, na utanzu aliousimulia.

Hitimisho

Istilahi zilizopendekezwa hapa, yaani tundu, muda wa kilango, wepesi wa kuhisi, chembechembe, hatua na fidia ya mwanga, hazidai kuwa za mwisho. Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania limefanya kazi ya kusanifisha tangu mwaka 1967, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hata hivyo, neno husimama likisemwa kazini. Istilahi ya kamera itathibitika siku ambayo fundi atamwambia mwanagenzi wake, "Mama amevaa nyeupe, ongeza hatua moja," na mwanagenzi akasogeza gurudumu bila kuuliza zaidi.

Siku hiyo msimulizi wa ngano atarudi kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu akiwa na uso wake, macho yake na mikunjo yake. Nyanya akiletewa nakala, atajitambua.

Maswali ya Kujadiliwa

1. Linganisha pazia na kilango kama istilahi. Ni lipi linalokidhi vigezo vya uundaji wa istilahi, na kwa nini?

2. Eleza, bila kutumia neno lolote la Kiingereza, sababu ya gauni jeupe kugeuka kijivu katika picha.

3. Piga picha mbili za mtu mmoja aliyeridhia, moja kwa AUTO na nyingine kwa fidia uliyoichagua. Muulize ni ipi inayofanana naye, na uandike sababu anazozitoa kwa maneno yake mwenyewe.